Nilimwitia mwizi mtu aliyenirudishia mwanangu

Shangazi, shikamoo.

Naandika usiku, mwanangu amelala. Naomba usinitaje jina. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Mbagala, nimehamia Dar es Salaam mwaka jana kutoka Tabora na watoto wangu wawili. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake Tunduma, kwa mwezi tunamwona siku nne au tano.

Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, nilikuwa na gauni la mteja wa Mtoni Mtongani. Alikuwa na harusi jioni ile ile, na mezani nilikuwa na magauni mengine mawili ya harusi hiyo hiyo ambayo sijayapiga pindo. Nikamtuma mwanangu wa kwanza, F., ana miaka 10, yuko darasa la nne. Kwa mteja huyo tulishakwenda naye mara mbili. Nikampa shilingi 500, nikihesabu nauli ya mwanafunzi kwenda na kurudi, na mia inayobaki ni ya pipi. Nikamwambia, "Panda gari la kwenda mjini, ukifika Mtongani sema shusha." Ilikuwa saa nane mchana.

Saa kumi mteja akapiga simu: gauni halijafika. Nikaacha cherehani wazi nikakimbilia kituoni, nikaenda Mtongani, nikarudi, nikauliza makondakta, wauza matunda, waendesha bodaboda. Hakuna aliyemwona. Wiki ile kwenye magrupu ya simu zilikuwa zinazunguka sauti za watu wakionya kuwa watoto wanachukuliwa. Sikujua kama ni kweli au uongo, lakini zote zilikuwa zinanirudia kichwani, moja baada ya nyingine.

Magharibi inaingia, nimesimama mbele ya nyumba na majirani, nikamwona F. anakuja kwa mbali ameshikwa mkono na mwanaume nisiyemjua. Mtu mzima, kama miaka hamsini na kitu, kavaa kikoi na kofia ya mkono, mfuko wangu wa gauni uko kwapani mwake. Shangazi, sikuuliza. Nilipiga yowe: "Mwizi wa watoto! Mwizi wa watoto!"

Watu wakatoka. Kofi la kwanza, la pili, kisha ngumi. Kofia ikaanguka ikakanyagwa. Mwanangu alikuwa amemkumbatia yule mtu mguu anapiga kelele, "Msimpige, ndiye kanileta!" Mimi nilimsikia, wallahi nilimsikia, lakini mdomo wangu haukufunguka. Aliyemwokoa ni mjumbe wetu, mama mtu mzima, aliyejipenyeza katikati akasimama mbele yake amefungua mikono.

Yule baba alikuwa anatoka damu mdomoni. Hakutukana. Alinipa mfuko akasema, "Mzigo wenu huu, angalieni kama kuna kilichopungua." Akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Kofia yake ikabaki mchangani.

Baadaye ndipo F. akanieleza. Kondakta alimwambia hana sare, kwa hiyo si mwanafunzi, akachukua 500 yote. Gari lilikuwa limejaa, amebanwa katikati ya watu wazima, hakuona nje, na aliposema shusha hakuna aliyemsikia. Akaja kuteremshwa Buguruni Sheli, hana hata shilingi. Namba yangu ya simu aliikumbuka nusu, maana laini hii ni mpya. Akatembea, akalia, akaketi. Halafu akamwendea muuza kahawa. Nilimuuliza kwa nini yule. Akasema, "Kwa sababu alikuwa amekaa, hakuwa na haraka, na watu walikuwa wanamsalimia." Yule baba akamnywesha maji, akampa kashata, akajaribu namba zangu mara nyingi bila kufanikiwa, akamwachia mwenzake deli la kahawa, akapanda naye gari hadi Mbagala.

Sasa F. amebadilika. Amekojoa kitandani mara mbili, jambo aliloliacha zamani. Dukani haendi. Juzi akaniambia, "Mama, ulisema nisiongee na mtu nisiyemjua. Nimeongea, wakampiga yeye." Majirani wananiambia nilifanya sawa, dunia ya sasa ni ya hadhari. Mume wangu anasema nitafute namba ya yule mtu nimtumie shilingi 50,000 yaishe, nisiende, nisije nikapelekwa polisi. Kofia nimeifua na kuipiga pasi. Iko kabatini, kila nikifungua nachukua nguo naiona.

Niende au nisiende? Nikienda nitasema nini? Na mwanangu nimfundishe nini sasa, ikiwa nilichomfundisha mwanzo ndicho kilichotufikisha hapa?

Mama F., Mbagala

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nenda Buguruni. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mwezi umeshapita, na kila siku unayoiongeza yule baba anakaa nayo. Sababu nitakupa, na namna ya kwenda nitakupa, lakini kwenda kwenyewe kusiwe swali tena.

Kwanza nataka ukione alichokifanya, maana naona barua yako imekimbia ikafika haraka kwenye yowe, na kabla ya yowe kuna mambo mengi. Kahawa ya deli ina saa zake. Asubuhi mapema, kisha kuanzia Alasiri hadi baada ya Isha, watu wanapotoka kazini na msikitini wakakaa kijiweni. Saa hizo ndizo zinazomlipia chumba na unga. Yeye jioni ile ya Jumamosi aliacha moto umewaka na kahawa imeiva, akamkabidhi mwenzake. Akalipa nauli ya watu wawili, na yake ya kurudi. Akazunguka Mbagala, mahali pasipo anwani wala kibao, akiongozwa na mtoto wa miaka 10 anayejua tu kuwa kwao ni karibu na kitu fulani. Na muda wote huo amebeba gauni la mtu asiyemjua lisichafuke. Umesema mwenyewe alikukabidhi mfuko mdomo ukiwa unatoka damu. Mtu wa namna hiyo hatafutwi namba ya simu akatumiwa pesa.

Mumeo ana nia njema, anakulinda. Lakini fikiria yule baba amekaa kijiweni, simu ikalia, 50,000 imeingia kutoka kwa namba asiyoijua. Atajua ni nyinyi. Ataona mmeyapigia hesabu makofi yake mkapata jumla. Nauli yake mrudishieni, ndiyo, na mauzo ya jioni ile pia, kwa sababu hilo ni deni la kawaida kabisa. Ila pesa ije mwisho, mkononi, baada ya maneno, na akikataa usimlazimishe. Tafuta njia nyingine. Wewe ni fundi. Kipimo cha shati lake utakipata kwa jicho.

Usiende peke yako. Mchukue F., kwa sababu yeye ndiye anayejua mahali, na kwa sababu nyingine nitakayoifikia. Mwombe mjumbe wenu afuatane nanyi. Mama yule ndiye mtu pekee wa mtaa wenu ambaye yule baba anaweza kumtazama bila moyo kumwenda mbio, na kwetu mtu mzima akitangulia, jambo zito huwa linasemeka. Na nataka uende na mmoja wa waliompiga. Najua hili ni gumu kuliko mengine yote. Mtafute yule kijana wa kofi la kwanza, mwambie unakwenda, mwambie unamhitaji. Akikataa, nenda bila yeye, lakini awe amekataa mbele ya mjumbe.

Kumpata hakutakusumbua. Wauza kahawa wanajuana. Ukishuka Sheli ukauliza kwenye kijiwe cha kwanza habari ya mzee aliyemrudisha mtoto Mbagala, watakuonyesha. Na jiandae, kwa sababu wakikuonyesha watakuwa wanajua pia kilichompata huko. Huenda mmoja akakupa maneno makali. Yapokee.

Utasema nini? Mwamkie. Kisha sema kitu chenyewe, chote, kwa mdomo wako: "Ulinirudishia mwanangu, nikakuitia mwizi. Nilimsikia mtoto akisema wewe ndiye uliyemleta, nikanyamaza. Nimekuja kukutaka radhi." Hiyo sentensi ya katikati usiiache. Umeniandikia mimi nisiyekujua, basi na yeye ana haki ya kuisikia. Usianze na hofu yako, wala sauti za kwenye simu, wala harusi ya mteja. Akiuliza kwa nini, hapo eleza. Watu wa makamo yake mara nyingi husema haraka, "Yameisha, yameisha," kwa adabu tu, ili usiendelee kujidhalilisha mbele ya watu. Akisema hivyo, shukuru, lakini maliza ulichokuja kusema. Na asiposema, akageuza uso akaendelea kumimina kahawa, weka kofia yake mahali safi, aga, ondoka. Msamaha ni wake, hadaiwi na mtu.

Kuhusu polisi: aliyepigwa ana haki ya kushtaki. Hiyo ni kweli wala sitakuficha. Mwezi umekwisha na hakufanya hivyo, lakini hata angetaka kesho, haki yake iko pale pale. Sasa chagua ungependa akukumbuke kwa lipi, yowe peke yake, au yowe na siku uliyomfuata.

Nije kwa majirani wanaokuambia ulifanya sawa. Hapana, hukufanya sawa, na wao pia hawakufanya sawa. Mama aliyemtafuta mtoto saa mbili mfululizo anaweza kupiga kelele. Sikulaumu kwa kuogopa. Ungeweza kupiga kelele la jina la mwanao. Ungeweza kumvuta F. kwako ukauliza. Neno "mwizi" katika mitaa yetu ni hukumu kamili: haina shahidi, haina rufaa, na watu wamekufa kwayo, wengine hawakuwa wameiba hata sindano. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika mauaji ya namna hii katika ripoti zake mwaka baada ya mwaka. Kama mjumbe wenu angekuwa kwenye msiba mtaa wa pili jioni ile, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa, na F. angeyaona yote akiwa ameshika mguu. Kwa hiyo ukirudi kutoka Buguruni, mwombe mjumbe akupe nafasi kwenye mkutano wa mtaa, usimame useme mbele ya wale wale waliokuwepo kwamba yule hakuwa mwizi. Jina lake lilichafuliwa hadharani na wewe ndiye unayeweza kulisafisha hapo hapo.

Nataka kukuambia kitu changu kidogo. Nilipokuwa na miaka 9 nilitumwa mafuta ya taa, kwetu Tanga. Ngamiani mitaa yake ina namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, na kwa mtoto aliyetoka shamba zote zilikuwa moja. Nilipotea na chupa yangu mpaka giza. Aliyenirudisha ni mwanamke muuza mihogo, simjui hata leo. Mama yangu alinichapa mimi, halafu asubuhi akanitanguliza tumpelekee yule mama sahani ya vitumbua. Sahani ilirudi baada ya siku tatu na mihogo ya kukaanga. Nimeikumbuka niliposoma habari ya kofia yako kabatini.

Sasa F., ambaye ndiye anayenikosesha raha kuliko wote.

Mwanao amechukua hatia isiyo yake. Soma tena alichokuambia: nimeongea, wakampiga yeye. Katika akili yake, kuomba msaada ndiko kulikoleta ngumi. Usipolifungua fundo hili sasa, kesho akipatwa na jambo zito hatamwambia mtu yeyote, hata wewe. Ndiyo sababu nataka awepo Buguruni akusikie mama yake ukisema, kwa sauti, kwamba kosa lilikuwa lako. Kabla ya hapo, leo hii kama unaweza, mwite ukae naye. Mwambie: ulipotea, ukatafuta mtu, ukachagua mtu mwema, ukarudi nyumbani. Wewe hukukosea hata kidogo, mimi ndiye nilikosea. Hayo ya kitandani usimgombeze wala usiyaongelee mbele ya mdogo wake. Yakiendelea wiki kadhaa baada ya kwenda Buguruni, mpeleke kituo cha afya, au piga namba 116, ni simu ya kuwasaidia watoto na wazazi, haina malipo. Watakuelekeza kwa ofisa ustawi wa jamii.

Na tuseme ukweli kuhusu lile somo la mwanzo. "Usiongee na mtu usiyemjua" mtoto hawezi kulitumia akiwa amepotea, kwa sababu aliyepotea hamjui mtu hata mmoja. Mji mzima ni wageni. Hofu yako ina msingi, sikatai. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto, uliofanywa kwa ushirikiano wa UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Lakini kati ya waliotajwa kuwafanyia, majirani nao walikuwemo. Kumjua mtu, peke yake, hakujawahi kuwa kinga. Mtoto afundishwe kutazama mtu anafanya nini.

F. ameshakuonyesha njia. Alichagua mtu aliyekaa mahali pake pa kazi, anayejulikana na wengine, asiye na haraka. Ningeandika mimi nisingepata maelezo bora. Mwongezee haya. Akipotea asitembee, asimame penye watu. Amchague yeye wa kumwomba, asingoje wa kumfuata: mama ntilie, wakala wa simu kwenye kibanda chake, mama mwenye watoto, askari wa barabarani. Aombe kupigiwa simu, asiingie ndani ya nyumba ya mtu wala gari binafsi, hata akiitwa kwa upole. Mtu akimwambia "mama yako amenituma nikuchukue", amuulize neno la siri, neno mlilolichagua nyinyi watatu nyumbani, la kipuuzi hata, ilimradi halijui mwingine. Na namba yako ya simu aijue kama anavyojua jina lake. Mwimbisheni kila siku mnapokula. Siku hiyo yote ya taabu ilianzia kwenye tarakimu chache. Andika namba pia kwa kalamu ndani ya mfuko wa suruali anapotumwa, na jina la mjumbe wenu chini yake.

Kumtuma mtoto si kosa. Watoto wetu hutumwa, ndivyo wanavyokua. Lakini dukani kwa miguu ni jambo moja, na daladala Jumamosi mchana, amebeba gauni la harusi, katika mji alioujua kwa mwaka mmoja, ni jambo jingine. Kazi ikikubana hivyo tena, gauni mpe bodaboda unayemfahamu, nauli mteja alipe. Na ukimpandisha garini, mkabidhi kwa kondakta na kwa mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, useme anashuka wapi, wote wawili wakusikie.

Kwa nyie wengine mnaosoma, neno moja, na linaniuma kulisema. Ukimwokota mtoto aliyepotea, pita naye kwanza ofisi ya serikali ya mtaa iliyo karibu, au kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, uandikishe, ndipo safari ianze. Mkifika mtaa wa mtoto, ulizia mjumbe kabla ya kuulizia nyumba. Baba wa kahawa hakufanya kosa kwa kutopita huko. Alikuwa anakimbizana na giza amfikishe mtoto kwa mama yake. Nasema tu kwa sababu nimeona alivyopokewa.

Mama F., nenda siku ya kazi, baada ya Alasiri, kabla kijiwe hakijajaa. Kofia ifunge kwenye kitambaa safi. Mwanzoni nilitaka kukuambia uishike wewe, nimebadilisha mawazo. Mpe F. aibebe, yeye ndiye watakayesalimiana naye kwanza.

Shangazi yako